Noeli Chini ya Shitingi: Tutundike Nini Ukutani?

Masomo: Nehemia 8:9-18, Zaburi 137, Yohana 1:14



Tunawasalimu ninyi nyote mlioko Kabezi, pamoja na wale wa Magara, Minago mpaka Rumonge ambao karatasi hii huwafikia kwa mkono wa abiria. Tunawasalimu wenzetu tuliovuka nao maji kutoka Kongo, na wale waliorudi kutoka kambi za Tanzania wakakuta mashamba ya baba zao yana watu wengine, na wale ambao ziwa lenyewe liliwahamisha lilipopanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024. Kila mmoja ana hadithi yake, lakini Jumapili tunakaa kwenye benchi moja.

Desemba inapokaribia, kuna swali ambalo limeletwa mbele ya wazee wa kanisa mara nyingi kuliko hata swali la posho. Je, mkimbizi apambe nyumba yake kwa ajili ya Noeli? Msomaji mwingine atacheka na kusema wachungaji wamekosa la kuandika. Sisi tumekaa na familia hizo mmoja mmoja, na tumeona kwamba chini ya swali hilo dogo yamelala mambo mazito.

Liko jambo la watoto. Siku hizi simu moja yenye picha inatosha kuamsha mtaa mzima. Jamaa zetu waliopelekwa Marekani, Kanada, Norwe na Australia wanatutumia picha za sebule zao, na katikati ya sebule umesimama mti wa Noeli uliovishwa toka chini hadi juu. Mtoto akishaona hivyo anamtazama mama yake, kisha anaitazama shitingi, na mama hana jibu. Basi tumeona posho ya maharage ikiuzwa kando ya barabara kwa bei ya hasara, ili ununuliwe mnyororo wa plastiki unaong'aa kutoka soko la Kwa Siyoni kule Bujumbura. Tumeona deni la dukani ambalo Pasaka ilifika halijalipwa. Mnyororo wenyewe ulikuwa umeshachujuka rangi.

Liko pia jambo la baba wa nyumba. Baba mmoja, mtu wa heshima na mwombaji, alikataa watoto wake wasipige hata msumari mmoja. Alituambia wazi: "Wachungaji wangu, nikipiga msumari katika ukuta huu, nimekubali kwamba huku ndiko kwetu. Sipigi." Ndani ya nyumba hiyo vitu vyote bado vimefungwa katika mifuko, kama watu wanaosafiri kesho. Wamelala hivyo miezi na miezi.

Wapo pia ndugu wanaosema mapambo ni mambo ya kipagani, wakatufungulia Yeremia sura ya 10. Hao tutawajibu kwa kifupi, maana Neno lenyewe liko wazi kwa anayelisoma mpaka mwisho. Nabii anasimulia mti uliokatwa msituni, ukachongwa na fundi, ukapambwa kwa fedha na dhahabu, ukakazwa kwa misumari usije ukaanguka. Ukiishia hapo utadhani anasema habari za mti wa Noeli. Endelea mpaka mstari wa tano: kitu hicho hakiwezi kusema, hakiwezi kutembea, inabidi kibebwe, na watu wanakiogopa. Ni sanamu ya kuabudiwa. Sisi hatujaona mtu wa kanisa letu akilisujudia tawi la mchikichi. Tukimwona tutamwita.

Sasa tuje kwa wakimbizi wenzetu wa katika Biblia, maana hao ndio wanaotufundisha.

Mti wa kwanza tunaousoma kuwa ulitundikwa vitu na watu waliohamishwa makwao haukupambwa kwa furaha. Ni ile miti ya kando ya mito ya Babeli, katika Zaburi ya 137. Watu wa Sayuni walikaa pale wakalia, na vinubi vyao wakavitundika juu ya miti, kwa sababu wale waliowateka walitaka kuimbiwa nyimbo za nyumbani kama kiburudisho. Tunaosoma zaburi hiyo tukiwa mbele ya Tanganyika, ambapo jioni hewa ikiwa safi tunaona milima ya Kongo ng'ambo kama mtu anayetuita, hatuhitaji mwalimu wa kutueleza. Lakini tuangalie neno moja. Vinubi havikutupwa mtoni. Havikuchomwa kuni, ijapokuwa baridi huenda ilikuwepo. Vilitundikwa. Kitu kilichotundikwa kinangoja mkono wa mwenyewe.

Miaka mingi baadaye, wajukuu wa watu hao walirudi Yerusalemu. Nehemia sura ya 8 inasimulia. Mji ulikuwa na ukuta mpya, lakini Nehemia 7 inasema watu walikuwa wachache na nyumba zilikuwa hazijajengwa. Ezra akawasomea torati, nao wakaanza kulia. Viongozi wakawazuia wasilie, wakawaambia waende wakale na kunywa, na wapeleke sehemu ya chakula kwa wale ambao hawakuwekewa kitu. Siku ya pili wakakuta imeandikwa kwamba wakae katika vibanda mwezi wa saba. Wakatumwa mlimani wakalete matawi: ya mzeituni, ya mhadasi, ya mtende, na ya miti yenye majani mengi. Wakajenga vibanda juu ya dari zao, katika nyua zao, na katika nyua za nyumba ya Mungu. Andiko linasema jambo hilo halikufanywa namna hiyo tangu siku za Yoshua, na furaha ilikuwa kubwa sana.

Tuchunguze walichonunua. Hakuna. Walipanda mlimani wakakata.

Na kwa nini vibanda? Mambo ya Walawi sura ya 23 inatoa sababu: ili vizazi vijue kwamba Mungu aliwakalisha Waisraeli katika vibanda alipowatoa Misri. Kwa hiyo pambo la watu wa Mungu halikuwa la kuficha kibanda. Lilikuwa la kukikumbuka. Mtu mwenye nyumba nzuri ya mawe alitoka nje akalala chini ya majani siku saba, ili asisahau jinsi babu zake walivyoishi. Sisi tuko mle mle ambamo wao walijaribu kukumbuka. Tukiweka tawi juu ya mlango wa shitingi tunafanya sikukuu ya zamani sana, kuliko ile ya kwenye picha za simu.

Tunajua kwamba sikukuu ya vibanda haikuwa Noeli, na tusichanganye. Lakini Yohana, anapotaka kusema jinsi Neno alivyofanyika mwili akakaa kwetu, anatumia neno la Kigiriki ambalo maana yake ni kupiga hema. Tulipofundishwa jambo hilo katika chuo cha Biblia tuliliandika daftarini kama maarifa tu. Huku tumelielewa kwa mgongo, usiku wa mvua, tukishika kamba. Mwana wa Mungu alipiga hema. Na Mathayo anaongeza kwamba kabla hajakua alibebwa usiku kuvuka mpaka kwenda Misri, kwa sababu ya mfalme mwenye silaha.

Turudi kwa yule baba wa msumari. Tulimsomea Yeremia 29, pale nabii anapowaandikia waliohamishwa Babeli kwamba wajenge nyumba wakae, wapande bustani, wauombee amani mji ule. Alisema anaijua. Basi tukamsomea andiko ambalo halisomwi sana, Ezra 9:8. Ezra anaomba, anamshukuru Mungu kwa kuwaachia mabaki, na kwa kuwapa msumari katika mahali pake patakatifu. Neno la Kiebrania lililoandikwa pale ni yated, na ndilo neno lile lile linalotumika kwa kigingi cha hema, kama kile cha Yaeli katika Waamuzi sura ya 4. Kigingi hupigwa na mtu anayelala hapa leo na ambaye anaweza kuking'oa asubuhi akaenda nacho. Tukamwambia baba: hatukuombi upige msumari wa mwenye nyumba. Piga kigingi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama tuna nyundo.

Ndugu zangu, tukishakubaliana kwamba inafaa kupamba, tuulize tupambe kwa nini. Hapa tunataka kusema na vijana, kwa sababu wanadhani kizuri ni kile kinachong'aa kama cha dukani.

Chunguzeni vizuri hizo picha mnazotumiwa. Katika nchi hizo watu wengi sasa wamechoka na plastiki. Wanatafuta mapambo ya mtindo wa zamani, yanayofanana na yale ya bibi zao: nyota za majani makavu, mioyo ya karatasi, wanasesere wa mbao, nyota za bati, mipira ya kioo iliyofifia rangi. Viwanda vinatengeneza vitu vipya na kuvifanya vionekane vimezeeka, na watu wanalipa bei kubwa. Tukaona ni vyema mjue vitu hivyo vilianzia wapi, maana karibu vyote vilianzia kwa watu wasio na fedha.

Ile mipira ya kioo inatoka Lauscha, kijiji cha wapuliza kioo katika milima ya Thuringia, Ujerumani. Kuanzia miaka ya 1840 walikuwa wakiipuliza nyumbani mwao, baba anapuliza, mama na watoto wanapaka rangi. Wenyeji husimulia kwamba mpuliza kioo mmoja hakuwa na fedha za kununua matofaa na karanga za kutundika kwenye mti, akatengeneza za kioo. Ni hadithi ya kijiji, lakini inaonyesha wenyewe wanavyojikumbuka. Karibu mwaka 1880 mfanyabiashara wa Marekani, F. W. Woolworth, alianza kuinunua na kuiuza katika maduka yake, ikaenea. Kisha ikaja Vita vya Pili vya Dunia. Mipira ya Ujerumani haikufika tena Marekani, ikabidi ipulizwe huko huko kwa mashine. Vita vilimeza madini, hivyo ikatengenezwa mipira isiyopakwa fedha ndani, yenye mistari michache ya rangi tu, na kile kikofia cha chuma cha kutundikia kikabadilishwa kwa karatasi ngumu. Ilikuwa mipira ya uhaba. Leo watu wanaokusanya vitu vya zamani wanaitafuta hiyo hasa, wanageuza na kuchungulia kama kofia yake ni ya karatasi.

Wamisionari wa Uswidi walifika Uvira mwaka 1921, na mwaka 1935 Waswidi wakaanza kazi Kiremba, upande huu wa Burundi. Kwao Uswidi pambo la Noeli la tangu zamani ni nyota iliyofungwa kwa mabua ya nafaka na uzi mwekundu. Wabatisti wa Denmark walifika Burundi mwaka 1928. Kwao Denmark watoto hufuma moyo kwa karatasi mbili za rangi, vipande vikipita juu na chini ya vingine mpaka vinakuwa kimfuko. Wa zamani kuliko yote unaojulikana ulitengenezwa na mwandishi Hans Christian Andersen karibu mwaka 1860. Akina mama, mmeshaelewa. Ni mkeka! Anayejua kusuka mkeka hahitaji kufundishwa moyo wa Kidenmark, anahitaji karatasi tu.

Na sisi tulikuwa na yetu kabla ya simu. Wazee wanakumbuka, na tunawaomba wawasimulie watoto. Wiki ya Noeli nyumba ya udongo ilisirimbwa upya, ikapakwa udongo mweupe mpaka nusu ya ukuta, na chini ukanda wa rangi ya majivu au nyekundu. Uani palifagiliwa mpaka alama za fagio zikawa zenyewe ni pambo, na mtoto aliyekanyaga kabla ya wageni alijuta. Mlangoni palisimamishwa matawi mawili ya mchikichi yakainamishwa yakutane juu. Kwa wenye uwezo, migomba miwili ilisimikwa njiani kama kwa arusi. Ndani, vile vitambaa vilivyofumwa kwa sindano ya kroshia vilitolewa sandukuni, vikafuliwa, vikatiwa wanga wa muhogo, vikatandikwa juu ya viti na meza, na kimoja juu ya redio. Maua yaliwekwa katika chupa. Kalenda ya mwaka uliopita haikutupwa kwa ajili ya picha yake. Watoto walikata karatasi za daftari wakapaka rangi, wakaunga pete kwa pete kwa uji wa unga, na mende walikula mnyororo huo kabla ya mwaka mpya. Hayo ndiyo mapambo yetu ya mtindo wa zamani. Hakuna hata moja lililouzwa Kwa Siyoni.

Mengi yanawezekana hapa hapa Kabezi. Ufuko huu mpaka Rumonge ni nchi ya michikichi. Anayepanda kuvuna ngazi hukata kwanza makuti ya chini, na makuti hayo hubaki chini ya mti. Lakini tuseme jambo hili kwa nguvu: kuti lililo chini lina mwenyewe. Tusiingie shamba la mtu na panga kwa sababu ni Noeli. Tumeshapatanisha ugomvi wa kuni wa kutosha. Tuombe, na tukipewa tushukuru, na watoto wetu wampelekee jirani mwenyeji nyota moja ya mlangoni. Majirani hawa si wageni wa mateso. Mwaka 1999 watu wa Bujumbura Vijijini walikusanywa kwa nguvu katika makambi, na Kabezi ilikuwa mahali pamoja wapo. Mzee wa Kabezi akiiangalia shitingi yako anajua inavyovuja.

Kuna bati la mkebe wa mafuta ya posho. Likifunguliwa na kunyooshwa, upande wa ndani unang'aa kama fedha, na nyota ikikatwa humo inapendeza kuliko ya plastiki. Vijana wawili wa kwaya walituonyesha waliyoikata, na tulipoigeuza tulikuta nyuma maandishi ya kiwandani yamesalia: isiuzwe. Walitaka kuyakwangua. Tuliwazuia. Nyota inayotangaza kuzaliwa kwa Mwokozi, na nyuma yake imeandikwa isiuzwe! Mhubiri gani angebuni neno zuri kuliko hilo?

Bati linakata vidole, kwa hiyo likatwe na watu wazima na kingo zikunjwe. Na mishumaa, tafadhali, isiwashwe ndani ya shitingi, hata mmoja, hata kwa dakika tano za kuimba. Shitingi ikishika moto haingoji mtu atafute maji, na nyumba zetu zimebanana. Mwenye taa ya jua aitundike nyuma ya nyota. Anayetaka mshumaa autumie nje, uwanjani, pamoja na sisi sote.

Hatuna haja ya kupeleka maharage sokoni. Tunawaambia wazazi kwa upendo, na kwa ukali kidogo: chakula cha mtoto kisigeuzwe kuwa mnyororo wa ukutani. Ishara waliyopewa wachungaji wa Bethlehemu, katika Luka 2, ilikuwa mtoto aliyefungwa nguo za kitoto na kulazwa horini. Malaika hakuwaambia watafute nyumba inayong'aa. Kitambaa kilikuwa ishara tosha. Mama mwenye kitenge kimoja kisafi akikitandika mezani siku ya Noeli, amefanya kama ilivyokuwa.

Tumebakiza neno moja, nalo ni gumu, tulitaka hata kuliacha.

Mwezi wa Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, makumi ya maelfu ya watu waliingia Burundi kwa siku chache, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi. Noeli ile wengi waliifanyia chini ya miti na mahema, na wengine hawakuifanya. Yuko mama kati yetu ambaye mwanawe alibaki nyuma siku ya kuvuka. Mpaka tunapoandika hakuna habari yake. Majirani wenye nia njema walitaka kumpambia mlango. Alikataa, na wengine wakanung'unika kwamba hana imani.

Tulikwenda tukakaa naye. Hatukuenda kumbadilisha. Wenyeji wetu Warundi wana desturi inayoitwa kuganduka, siku ambayo familia hukutana na kuuvua msiba, na kabla ya siku hiyo hakuna anayeilazimisha nyumba ile ifurahi. Ni desturi ya hekima. Lakini mama huyu hana hata kaburi, hana siku ya kuhesabu kutoka kwake, na hawezi kuvua msiba ambao hajui kama ameuvaa. Tukamwambia kwamba nyumba yake isiyo na tawi si nyumba isiyo na imani. Vinubi vya Babeli vilinyamaza, na zaburi ile iko ndani ya Biblia pamoja na zaburi za shangwe. Alituonyesha kitambaa alichokuja nacho kifuani siku ya kuvuka, kitambaa cha kroshia cha marehemu mama yake, chenye doa la maji ya ziwa. Kilikuwa kikitandikwa kila Noeli kwenye kiti cha mwanawe. Hakukitandika. Alikikunja tena akakirudisha mahali pake. Sisi tukasali, tukaondoka.

Tunawaomba ndugu wote, msimnyooshee kidole mwenye mlango mtupu. Wapo wengine kama yeye katika kila mtaa, ijapokuwa hawasemi. Na wewe uliye na furaha usizime furaha yako kwa sababu yao. Nehemia aliwazuia watu wasilie, na papo hapo akakumbuka kwamba kuna watu hawakuandaliwa kitu. Hakuwaagiza wawatumie matawi. Aliagiza wawapelekee chakula.

Ufuko huu umekwisha kuona mambo. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki walifika Rumonge mwaka 1879 wakiwa wageni wasiojua lugha, na tarehe 4 Mei 1881 mapadri wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa pale pale. Waliobaki wakaondoka. Mtu aliyekuwepo siku ile angesema Noeli haitasherehekewa tena katika nchi hii. Tembea sasa usiku wa tarehe 24 kutoka Kabezi mpaka Rumonge, uhesabu ngoma.

Basi tumekubaliana hivi na wazee. Jumamosi iliyo karibu kabla ya Noeli, saa mbili asubuhi, akina mama na vijana wakutane nyuma ya kanisa. Mwenye mkasi, kisu au sindano ya kroshia alete. Karatasi za daftari zilizoandikwa pande zote mbili zinafaa, zisichomwe. Mikebe ya mafuta iletwe ikiwa imeoshwa kwa majivu. Makuti ya michikichi tumeahidiwa na majirani watatu ambao siku hiyo watakuwa wanavuna ngazi. Yatabebwa na akina baba, na yule baba tuliyemtaja ameomba ndiye awe na nyundo. Kila nyumba itapata tawi moja na nyota moja, wenyeji wanaopakana nasi pia. Kwa mama yetu hakuna tawi litakalopelekwa mpaka aombe mwenyewe. Sahani yake ya mchana wa Noeli ni zamu ya kwaya ya vijana. Wapeleke mapema, kabla chakula hakijapoa, na wakae naye kidogo bila kuimba.